Aliyekufumba Macho Vilimani

Njoroge,

Niko ndani ya hema lako. Haya, cheka. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu: Nyevu, mtoto wa Rabai, muuguzi wa viatu vyeupe, kajikunyata chini ya turubai kwenye vilima vya Clent huku kwa Wazungu, soksi juu ya soksi, koti juu ya koti, na kalamu yenyewe inagoma kwa baridi. Ni asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye nyasi, hata ua wa shamba siuoni. Majani yanaanguka juu ya hema moja moja, kwa sauti ndogo sana, na kila likianguka nadhani ni wewe unabisha hodi kwa kidole. Nimeitika mara kadhaa. Kama kuna mtu kasikia, shauri yake.

Mwaka umezunguka tangu ufe. Ngoja nikupe habari za mjini. Mzee Kartar, yule Kalasinga wa Nakuru aliyetupangisha vyumba kule Lozells, bado analalamika kwa Kiswahili kuhusu bomba la jikoni na bado hajalitengeneza. Mimi nimehamia Bordesley Green, karibu na hospitali, siku hizi naenda kazini kwa miguu. Kwenye basi lako wameweka kondakta mwingine, kijana mpole, hajui kubishana na abiria, safari imedoda kabisa. Na hili sasa ukae chini kwanza: mwaka huu wamepiga kura mara mbili. Mara mbili, Njoroge! Wewe ambaye kura moja ilikukosesha usingizi mwezi mzima, mbili zingekutia wazimu. Usiku wa matokeo niliwasha redio nikasikiliza kwa niaba yako, nikalala katikati.

Nakuandikia kwa sababu Desemba naenda nyumbani kwa likizo, na mama yako ananingoja.

Dada yako Wambui ameniandikia. Mama haulizi ulikufa na nini. Haulizi uliacha nini. Anauliza jambo moja tu: nani alimfumba macho mwanangu? Anasema miaka ile ya hali ya hatari ya mkoloni aliona watu wameachwa kando ya barabara macho wazi, mvua inawanyeshea usoni, na akamwomba Mungu amwadhibu vyovyote lakini si kwa hilo. Sasa mtoto wake amekufa ugenini, ndani ya hema, na hakuna anayeweza kumjibu. Wambui anasema mama halali.

Mimi nitamjibu nini? Polisi walituambia ulikutwa umekufa hemani, moyo ulisimama, basi. Ulikutwa. Na nani, vipi, hawakusema, nasi tulikuwa tunalia, hatukuuliza. Wenzetu wa kanisani wakaanza kunong'ona kwamba Njoroge kafa porini kama mtu asiye na kwao, si alijitakia, nani alimtuma kulala nje na baridi hii. Niliwakatia maneno. Lakini nikirudi chumbani neno lenyewe nalikuta limekaa kitandani linanisubiri. Kazini nimewafumba macho watu wengi nisiowajua hata majina, Njoroge. Nimewanyoosha mikono, nimewachana nywele. Wewe sikukugusa.

Unakumbuka ilivyoanza hii kambi yako? Mwaka wetu wa kwanza huku, Novemba, tuko kwa Mzee Kartar tunakula, mara milipuko mtaa mzima. Pu! Pu! Moshi, watoto wanapiga kelele. Ukachungulia dirishani ukaona watu wamezunguka moto mkubwa na juu yake wanamchoma mtu aliyevaa koti na kofia. Ukageuka, uso umekuwa jivu. Ukasema, "Serikali imepinduliwa." Ukazima taa, ukasukuma kabati mlangoni, ukanivuta chini ya meza, na mimi mjinga nikaanza kusali sala ya mwisho. Tulikuwa watu wazima, tena wenye vyeti! Mzee Kartar akaja kugonga, akatukuta sakafuni. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Ni sanamu ya nguo kuukuu, akasema, ni sikukuu yao, wanachoma mwanasesere kila mwaka.

Mimi nilicheka. Wewe ulicheka pia, lakini mikono ulikuwa umeificha chini ya makwapa. Ndipo ukanieleza jinsi kijiji chenu kilivyochomwa na askari, nawe mtoto unatazama, na habari za waya wa miiba waliowazungushia baadaye. Mwaka uliofuata, siku za mioto zilipokaribia, ukanunua hema sokoni ukapanda basi la mashambani. Nikakuuliza, wewe uliyekulia nyuma ya waya, leo unalipa nauli uende kulala kambini? Ukaniambia, "Sista, hii zipu naifungua mwenyewe."

Basi ikawa desturi yako. Kila vuli ya huku, vuli isiyo na mvua ya maana, manyunyu tu ya kuudhi, unafunga mzigo wako unapotea. Na si Clent tu. Likizo zako zote ulikuwa unatembea peke yako, Wales, Scotland, popote basi linapofika na barabara inapoishia. Tukikutafutia mchumba, unatabasamu. Tukikuuliza huogopi upweke, unajibu kwamba mchana kutwa umebeba jiji zima kwenye basi, acha ukae na nyasi siku mbili. Ukirudi ulikuwa na harufu ya moshi wa kuni na ulikuwa mpole kwa muda wa wiki nzima. Kisha siasa zinakurudia, unaanza kutupigia kelele.

Ni wewe uliyenieleza habari za huyu mzee mwenye shamba. Ulimwita Jirani. Uliniambia kwenye dirisha lake ametundika bango la wale wanaotaka tufungashiwe virago turudi kwetu, na kwamba kila asubuhi anakuja kwenye hema lako na birika la chai, mnabishana mpaka jua linatoka. Nilikufokea! Nikakuambia huna haya, unakunywa chai ya mtu anayetaka uondoke nchini. Ukanijibu, "Huyu ananiambia usoni. Wale wa kwetu walinichekea huku wanagawana shamba la baba." Nikakuambia uende zako.

Jana nimefika jioni na basi la mwisho. Bango lipo. Limefifia, limekunjamana kona moja, lakini lipo. Nilisimama nje ya lango na hema lako, walilotukabidhi polisi, mgongoni, nikasema moyoni, Nyevu, rudi zako, umefuata nini kwa watu hawa? Lakini basi lilikuwa limeshaondoka. Nikasimamisha hema palepale uliponielekeza, chini ya ule mti mkubwa ulio karibu na kijito. Lilianguka. Nikalisimamisha tena, likakaa upande. Nikalala hivyohivyo, na ajabu, nililala vizuri. Niliota tuko Rabai, mimi na wewe, ambapo hujawahi kufika, na minazi inapukutisha majani mekundu, na wewe unakata tiketi. Kila anayepanda unamwambia nafasi bado ipo.

Alfajiri nikasikia miguu kwenye majani. Nikafungua zipu. Mzee mrefu, kofia mkononi, birika kwenye mkono mwingine. Alikuwa amelitambua hema. Nadhani kwa nukta moja alikuwa anakutegemea wewe, na katokea mwanamke mweusi aliyefunga kitambaa cha usiku. Maskini.

Nikamuuliza kabla hata ya kumsalimia. Nilikuwa nimebeba swali hilo mwaka mzima, lilitoka lenyewe: nani alimfumba macho?

Akakaa kwenye nyasi zilizolowa. Akasema polisi waliandika kwamba alikukuta umekufa, na haikuwa hivyo, alikuwa na wewe. Alikuja na chai kama kawaida, ukaketi naye mlangoni mwa hema, mkaanza ubishi wenu. Mara ukashika kifua. Akampigia mkewe kelele akaite gari la wagonjwa, yeye akakuegemeza kifuani pake. Macho yako yakaanza kulegea. Hakujua la kufanya, yeye ni mtu wa ng'ombe. Basi akaendelea kubishana. Akakuambia yale maneno yake mabaya, yote, kwa sauti ya juu, kwamba nchi hii si yako na urudi ulikotoka, kwa sababu alijua ukikasirika hunyamazi. Akasema alirudia na kurudia, anakutukana huku analia, ili umjibu.

Hukumjibu. Ndipo akakufumba macho.

Njoroge, nililia kama mtoto. Nililia mbele ya mtu yule! Kisha nikamuuliza kuhusu bango, sikuweza kujizuia, unanijua. Akatazama kikombe chake. Akasema kura yake ni ileile. Nikasimama nikamwambia maneno ambayo muuguzi hatakiwi kuyajua, naye akaitikia kwa kichwa kila neno, kisha akaniuliza kama nataka sukari. Sikumpa mkono. Alipofika karibu na ua nikamfuata mbio na soksi zangu, nikampa.

Sasa ameenda kukamua, nami nimejifungia humu na wewe. Ukungu unaanza kupanda. Sielewi, sikufichi. Nimewaza nimpunguzie mama, niseme tu ni mzee mmoja mwema. Lakini si mwema hivyo, na mama yako si mtoto, ameona mengi kuliko mimi. Nakuahidi nitakaa naye jikoni kwake nimwambie lote, bango na matusi na machozi, na Wambui atafsiri kwa lugha yenu bila kuacha neno. Nitamwambia mvua haikukunyeshea usoni. Akitaka kukasirika, nitakasirika naye, na akitaka kumshukuru, nitambebea shukrani zake mpaka huku.

Nakuaga, ndugu yangu. Lala. Mwanawe hakufa peke yake, hivyo ndivyo nitakavyomwambia mama, alikufa katikati ya ubishi, na aliyekuwa naye bado anangoja ajibiwe.

Wako,
Sista Nyevu