Perpetua Masumbuko

Kapiri Mposhi, Zambia
Jumanne, mchana, gereji

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaitikia nauliza: goti bado linakusumbua, au upepo wa Chanji umelihurumia? Ulezi umeshavuna? Mimi mzima, mkweo Chileshe mzima, na huyu mgeni wetu wa wiki tano ni mzima kutupita wote, ananyonya kama katumwa.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ulinikatia. Barua haikatiki. Dereva anayeileta anapita Kasesya, na nimemwambia asiondoke hapo kwako mpaka dada Yustina akusomee yote. Mpe chai. Ni mtu mwema, ila anaongea kuliko mimi.

Sasa kesi yetu. Huku karatasi ya hospitali ina nafasi tatu: jina la kwanza, la kati na la ukoo. Kwetu la kati halina mjadala, ni la baba. Huku wanalichagua kama pazia, liendane na la kwanza. Shemeji yangu, dada yake Chileshe, akaja na chaguo lake: Natasha Preshasi. Mimi nikasikia Presha. Nikamuuliza, mtoto wa siku nne tumpe ugonjwa wa wazee? Siku mbili hakunipikia.

Nikawaambia mimi nimetembea, nimefika mpaka Lubumbashi, nimesikia majina ya kila namna, na sijaona jina la kike lililosimama kama Perpetua, jina la mama yangu. Halichuji. Na la kati litakuwa langu, kama kwetu. Perpetua Masumbuko. Chileshe akakubali, akasema linajaza mdomo.

Ndipo nikalipeleka kwa katekista kwa ajili ya ubatizo. Mzee huyu aliwahi kusoma seminari, na Kiswahili alikiokota Tunduma. Akaanza kuandika, akasimama, akacheka mpaka akavua miwani. Perpetua, akasema, kwa Kilatini ni ya kudumu.

"Bwana fundi, umemwita mwanao Masumbuko ya Kudumu."

Nilicheka naye. Nikakupigia ili ucheke na wewe, na hilo ndilo kosa langu. Wewe ukasema, "Kumbe ndiyo maana," ukakata. Jioni Yustina akanipigia na maneno yako:

"Jina la Masumbuko nililitoa kwa uchungu. Liishie kwake. Mtoto aandikwe Perpetua Gaudensi, au langu mliondoe kabisa."

Mama, nakuheshimu kuliko mtu yeyote anayetembea juu ya ardhi, ila hapo sikutii.

Kwanza, huyo Gaudensi simjui. Nilibatizwa naye tukaachana palepale kanisani. Akiitwa barabarani sigeuki. Kibao changu kimeandikwa MASUMBUKO MATAIRI, na kuanzia hapa mpaka mpakani mwa Kongo, lori likipata pancha madereva wanasema wamepata masumbuko, basi twende kwa Masumbuko. Wanafika wanacheka, naziba wanacheka, wanaondoka.

Halafu najua jina lilikotoka. Wewe hukuwahi kunisimulia, alinisimulia Yustina. Baba alikuwa amezama ziwani kule Wampembe, hata arobaini haijafika, ukanizaa wa miezi saba katikati ya baridi ya Ufipa. Majirani wakakwambia usijichoshe kutafuta jina zuri, mtoto mwenyewe hamalizi wiki. Ukanifunga kifuani kwa kanga mbili na koti la baba, ukaniatamia kama kuku, na jina ukaniokotea lililokuwa karibu.

Sasa sikiliza. Mimi niliishia darasa la saba, na mtihani wenyewe tusiuzungumzie, lakini ngeli nazijua, maana mwalimu wetu alizipitisha kwa fimbo. Masumbuko ya dunia yanadumu. Masumbuko mtu anadumu. Katekista alikosea ngeli, mama, na wewe ukamwamini. Siyo masumbuko yamedumu. Masumbuko amedumu. Yule wa kutomaliza wiki ana miaka thelathini na minne, ana kitambi, na tairi la lori analinyanyua peke yake. Chileshe anasema niandike kwamba hajawahi kuliona hilo.

Nilirudi kwa katekista nikamweleza hivyohivyo. Safari hii hakucheka. Alivaa miwani, akaandika. Jumapili mtoto amebatizwa, na karatasi ya hospitali nimeijaza kwa wino, nimekandamiza kalamu mpaka jina limetokea upande wa pili. Halifutiki.

Ukitaka kukasirika, kasirika, nimejiandaa. Ila ombi ni moja. Siku hasira ikipoa, piga simu umwite mjukuu wako kwa jina lake lote, mara moja tu. Nitaiweka sikioni mwake, na mimi nitanyamaza, kitu ambacho hujawahi kukisikia.

Nisalimie shangazi wa Wampembe, mwambie migebuka yake ya ziwani bado naiota. Msalimie mjomba wa ng'ombe, na shemeji mume wa Yustina. Yustina mwenyewe asante kwa kusoma, na kama umeruka mstari rudi. Na yule jirani aliyesema sitamaliza wiki, kama bado yupo, mpe salamu zangu za pekee.

Ni mimi uliyemfunga kifuani, akadumu,

Masumbuko
Baba Perpetua