Kovu Juu ya Nyusi ya Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake bado kijana. Vipi kifua chako? Wifi aliniambia umekohoa wiki nzima.

Picha yako nimeipata, na hongera tena kwa ualimu mkuu. Ulisema itatundikwa ofisini, hivyo nikusafishe vizuri, na lile kovu juu ya nyusi nilifute kabisa, wazazi wasije wakadhani mwalimu mkuu alikuwa mgomvi. Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta.

Kazi ilinichukua mchana mzima. Nilitoa kipele cha kidevuni, nikapunguza mng'ao wa jasho kwenye paji, nikaondoa uzi uliochomoza kwenye kola. Mifuko ya chini ya macho niliipunguza nusu tu. Mtu wa miaka hamsini na mbili asiye nayo hajawahi kusahihisha madaftari. Kuna mahali nilizidisha kulainisha ngozi, ukawa kama mwanasesere wa plastiki. Nikaanza upya, mpaka vinyweleo vikaonekana tena.

Nikamkumbuka baba. Unakumbuka alivyokaa dirishani na penseli aliyoichonga kwa wembe ikawa kama sindano, negativu, ile filamu ya picha, imeegemea kioo, akigusa nukta mojamoja huku amebana pumzi? Studio nzima ilinuka dawa za kusafishia picha, nasi tukigombania nani atikise trei, nani aanike picha kwenye kamba. Alikuwa akisema chunusi ni mgeni, kovu ni mwenyeji: mgeni mtoe, mwenyeji muulize kwanza.

Basi kwa kuwa wewe mwenye uso umeruhusu, nikalifuta. Halikuchukua hata dakika. Mama akapita na kikombe chake, akainama kwenye skrini, akauliza, "Huyu nani? Kama namfananisha na watu wetu." Nikamwambia, "Ni mwanao wa kwanza." Akatazama tena, akaguna, "Labda binamu yake," akaenda zake.

Nikalirudisha kovu kwenye nakala ya pili, kaka. Na sababu si ufundi.

Habari ya kovu hilo unaijua kama wote wanavyoijua: kwamba uliparamia rafu kuchukua kamera ya baba bila ruhusa, ukaanguka ukajigonga kwenye kona ya meza. Ulizimia, na ulipozinduka hukukumbuka kitu, ukaamini nilichosema mimi. Kweli ni kwamba hukuparamia popote. Ulikuwa umesimama chini, ukipanga trei kama baba alivyokuagiza, nami wivu ukanipanda kwa kuwa hakuniagiza mimi. Nilikusukuma kwa mikono miwili. Nilipoona damu, uongo ulinitoka kabla ya kilio.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Baba akakupiga marufuku kukanyaga studio, na kigoda chako kando yake nikapewa mimi. Penseli aliyotaka kukufundisha wewe, akanifundisha mimi. Miaka arobaini sasa nakula kwa kazi iliyokuwa yako, na kila mtu akisifu wepesi wa mkono wangu, nageuza mazungumzo. Baba nilimzika bila kumwambia.

Nimekutumia picha mbili, moja ina kovu, nyingine haina. Tundika uitakayo, uso ni wako. Ukinijibu kwa ukali nitasoma kila neno, na ukija likizo ukanigombeza ana kwa ana, nitashukuru zaidi. Usininyamazie tu, kaka.

Mama anakusalimu sana. Jana nilimweleza yote. Aliomba nimfungulie ile yenye kovu, akavuta kiti, akakaa akikupapasa kwenye skrini kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Wabusu wanangu wote huko.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku