Unga wa Tefu kwa Ajili ya Mke wa Hugues

Cimpunda, Bukavu
Tarehe 19 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Hugues,

Pokea salamu kutoka hapa nyumbani. Mwili unaendeleaje huko Juba? Na lile joto, na kazi ya gereji? Sisi tuko wazima. Mama analalamikia magoti, lakini kila asubuhi anapanda kilima kwenda misa na kurudi, kwa hiyo magoti hayo mimi siyaamini sana. Mtoto wako Nathanaël ametoa meno mawili ya chini. Anauma kila kitu, hata rozari ya mama.

Mvua zimeanza kwa nguvu. Zile ngazi za udongo nyuma ya nyumba zimekwenda na maji, sasa tunapitia uani kwa jirani Gaston.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ni redio: ukipiga, mama anaweka sauti juu na mtaa mzima unasikiliza. Uliniuliza kama mke wako amezoea. Hiyo si habari ya kusema mbele ya mama. Willy, yule dereva, anakwenda Kampala kesho, naye ameahidi kumkabidhi barua hii mwenzake anayefika Juba.

Nianze na chakula. Hiwot alikuwa anakula kidogo sana. Bugali anautazama, sombe yetu ya majani ya muhogo anaionja, ndagala hazigusi. Mama alikasirika, maana kwake mtu asiyekula chakula chako amekutukana. Mimi niliona tu mashavu yake yanapungua, na ananyonyesha. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa kwamba mtaa wa Nguba kuna Mwethiopia mwenzake mwenye duka. Nikampeleka.

Ukipita haraka hulioni duka hilo. Lina mlango mmoja, na mbele kuna sabuni, betri na mafuta ya kujipaka kama duka lolote. Vitu vya kwao viko nyuma ya pazia: magunia ya unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi, berbere, pilipili yao nyekundu iliyosagwa pamoja na viungo, inayokupigisha chafya kabla hujaigusa, shiro, unga wa kupikia mchuzi, kahawa mbichi, na siagi ndani ya chupa zilizokuwa za mayonezi. Vyote vinakuja kwa basi kutoka Kampala. Mwenye duka, Papa Girma, ni mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Anapima kwa kikombe na hapendi haraka.

Hiwot akamsalimu kwa lugha yao, mzee akajibu. Hapo, Hugues, mke wako alianza kusema, na hakunyamaza karibu saa nzima. Alisema hadi kwa mikono. Alicheka, akaiga mtu fulani anavyotembea, nadhani ni mama, akalia kidogo, akaendelea. Mimi nilikaa juu ya gunia na mtoto mapajani. Miezi saba tumekuwa tukiwaambia wageni kwamba bibi ya Hugues ni mpole, mtu wa maneno machache. Kumbe anamshinda hata mjomba wetu, Tonton Télesphore, kwa maneno. Niliona aibu.

Tulipokuwa tunatoka, Papa Girma alinishika mkono. "Maman, huyu akuwe anakuya kila juma. Hata kama hana kitu ya kununua, akuye tu aseme."

Nyumbani alichanganya ule unga na maji ndani ya ndoo, akaifunika na kuiweka jikoni. Mkate wao, injera, unataka unga ukae siku tatu uchache kwanza. Mimi alinieleza. Mama hakuelezwa na mtu, na hilo ni kosa langu.

Siku ya pili mama akafunua ndoo. Akaona uji wenye rangi ya mtama unatoa mapovu, na kwetu sisi kitu cha namna hiyo ni kimoja tu. Alifurahi sana. Bibi arusi hatimaye anaitengenezea familia pombe ya kasiksi! Akaenda kwa jirani kuomba jagi la mutobe, yale maji ya ndizi mbivu, akalimimina lote, akafunika kwa majani ya mgomba, kisha akaja kwangu akiwa ameinua kichwa.

"Nimeona kasiksi ya maman Nathanaël iko inachelewa," akasema. "Nimeisaidia."

Kabla ya jioni alikuwa ameshaalika wanawake wanne wa jumuiya waje kuonja.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamtazama Hiwot, nikaacha. Alifunua majani, akanusa, akamsogezea mama ndoo nzima. "Mutakunywa, mama," akasema kwa upole, akaenda kufua. Mimi mama angenifanyia hivyo tungegombana hadi Pasaka. Mwanamke anayejua kwamba atakaa hapa miaka kumi asingeiacha ndoo yake kirahisi namna ile. Jambo hilo lilinitia hofu.

Nikamfuata kwenye kamba ya nguo, nikamuuliza waziwazi kama anataka kuondoka. Hakunificha.

"Miye sikuolewa na nyumba, niliolewa na Hugues. Noeli ikipita bila yeye kukuya, nitarudia kwetu na mutoto."

Alisema bila hasira, huku anaanika nepi.

Sasa nisikilize. Ulisema utakuja mtoto akizaliwa, hukuja. Ulisema utakuja kwenye ubatizo, na aliyemshika mtoto mahali pako ni Tonton Télesphore. Kila mara kuna gari la bosi ambalo halijapona. Nimekutetea mbele ya mke wako mpaka maneno yameniishia. Wewe ulidhani shida ni chakula, na mimi pia nilidhani hivyo, ndiyo maana nilikimbilia dukani. Tefu inapatikana Nguba, Hugues. Wewe hupatikani Nguba.

Sitamwomba abaki. Nimemwambia kwamba siku ikifika, nitamsindikiza mimi mwenyewe hadi mpakani, nimbebee na mtoto. Mama atanigombeza mwaka mzima, na ana haki yake. Nakupenda, na jambo hili ningependa kukuambia nikikutazama usoni. Lakini hupo, na ugomvi wangu na wewe ni huo.

Mama anakusalimu sana, hajui nilichoandika. Tonton Télesphore anakusalimu, binti yangu Ornella pia, na Gaston anasema usisahau redio yake. Hiwot nilimuuliza mara mbili nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri kidogo, akasema nisiandike kitu.

Mungu akufungulie njia ya kurudi, na akupe haraka.

Dada yako, akupendaye bila kukuficha neno,
Adélaïde