Shujaa Aliyesusa

Posa ya Fajr imevunjika, Nasor. Ndio kwanza tunatoka kwa Bwana Mahfudh, babake Khole, hapa Sib.

Babake mwenyewe, kaka yangu Sleiman, kaivunja kwa neno moja. Neno moja!

Mwenyeji alituhadithia vita vya Wayunani wa kale. Shujaa wao mkubwa kanyang'anywa mateka wake na mfalme, basi kaweka mkuki chini, kakaa hemani, na wenzake wanauawa ufukweni.

Sleiman akacheka mpaka halua ikampalia. "Shujaa gani huyo, sheikh wangu? Huyo kasusa!"

Bwana Mahfudh akatua kikombe. "Hakususa. Alivunjiwa heshima."

Unadhani Sleiman alinyamaza? "Kasusa tu! Susa, wenzio twala!"

Nasor, Mahfudh mwenyewe aliacha kazi huko Al Khuwair mwaka jana, cheo chake walipompa mtu mwengine. Tangu hapo yumo ndani tu. Fajr alimwonya babake: usitaje kazi. Kweli, kazi hakuitaja!

Mie nikamkanyaga Sleiman mguu. Akaniuliza mbele ya watu, "Wanikanyagia nini?"

Mzee akasimama. "Basi na mie nimesusa. Khole haolewi kwenu."

Hapo ndipo Sleiman alipofahamu. Akaomba radhi, akamshika mkono, mzee akautoa.

Sasa Sleiman yumo garini, kainamia usukani, hajui amwambie nini mwanawe. Fajr kamkosa Khole, waliyengojana naye miaka mitatu. Na mama yake Fajr huko nyumbani keshawapigia jamaa wote simu kwamba tumekubaliwa.