Kiti cha Papa Ukingoni mwa Ziwa

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, miguu iko majini. Usicheke. Najua ulikuwa unasema binti yako Neema hawezi kutulia hata muda wa kumenya ndizi.

Ziwa limepanda tena. Pwani yetu, ile tuliyokuwa tunashukia kutoka mtaani kwetu Nyamianda kila Jumapili baada ya misa, nusu yake imezama. Michikichi miwili imebaki imesimama ndani ya maji, na mama wa bitumbura, yule mkaanga maandazi, amehamishia jiko lake karibu na barabara. Lakini asubuhi hazijabadilika. Ukungu umelala juu ya maji, milima ya Burundi ng'ambo inakuja na kupotea, na kule mto Ruzizi unakoingilia, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nikitazama sana nasahau nina umri gani.

Watoto wapya wa mtaa huniuliza habari za kiti, nami nawaeleza. Papa alikuwa fundi wa kuchomelea. Alikiunda kwa nondo, akakisuka kwa mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, kikawa kizito hata wimbi halikisogezi. Jumapili alikiweka pale maji yanapofika kwenye vifundo, akatazama ziwa, nasi tukaogelea huku tukimtazama yeye. Akikaa, tunaogelea. Akisimama, kiboko amekaribia, tunatoka sote. Hakupiga kelele hata siku moja.

Unakumbuka ulivyosimama kumwamkia padri? Pwani nzima ilitoka mbio, samaki wa mikeke wakamwagika kutoka kwenye makaa, na Mama akanyakua beseni lake la sahani, akaniacha mimi nikilia majini! Tangu siku ile hukusimama tena kumwamkia mtu. Hata mkubwa wa mtaa ulimpa mkono ukiwa umekaa. Watu wakasema una kiburi, wewe ukacheka tu.

Halafu ukaanguka kazini, bila kuaga. Tulipokuzika, nilikificha kiti nyuma ya nyumba. Sikutaka kukiona.

Watoto waliendelea kushuka, lakini hawakuingia. Walikaa mchangani na nguo zao za Jumapili, wakinitazama. Wakasema, “Kiti haiko, hatuingie.” Kisha wakaacha kuja. Mama wa bitumbura alipanda mpaka nyumbani kwetu akaniambia, “Weye njo mutoto yake. Rudisha kiti mu mayi, ao pwani itakufa.” Nilimjibu vibaya, Papa. Nimeshamwomba msamaha.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Ulituonyesha njia ya mlimani, mahali pa kuchuma mapera, na lile jabali ambalo juu yake unaona ziwa lote limetandikwa. Lakini kusoma maji hukunifundisha. Nilipokuuliza unajuaje kama kiboko anakuja, ulisema, “Angalia tu.” Shule yote ikaishia hapo. Je, nikikaa na nisione? Mtoto wa mtu akipotea mbele ya macho yangu, nitarudi nyumbani na uso gani?

Jumapili iliyopita mimi na Mama tulikibeba kiti mpaka hapa. Mabega yanauma hadi leo. Nilikaa, na mwanzoni sikuona kitu, mwanga tu. Watoto walipoona kiti kimerudi, wakashuka, wakaingia mmoja mmoja. Nikaangalia. Muda ukapita, sijui kiasi gani, na maji yakaanza kujieleza yenyewe: pale upepo unapita, pale dagaa wetu, ndagala, wanaruka, na mbali kabisa kwenye matete, masikio madogo ya kiboko yanatikisika, kisha yanatulia, hayaji huku. Nilijua hayaji. Nilijua kama ulivyokuwa unajua, na nikahisi uko hapa, umekaa mahali nilipokaa.

Machozi yakanitoka. Kitenge nilikuwa nimekikalia, basi nikasimama nikivute nijifute.

“Anasimama! Tokeni mu mayi!” mtoto mmoja akapaza sauti. Papa, ungeona! Watoto, wanafunzi wa chuo na simu zao juu, hata mama wa bitumbura na kijiko chake cha mafuta, wote mbio mpaka barabarani. Na Mama hakwenda kwenye beseni la sahani. Alikuja majini, gauni lote limeloa, akanishika mkono na kunivuta kwa nguvu zake zote. “Njoo, mwanangu, njoo!” Nikamwambia hakuna kiboko, ni kulia tu. Akanitazama, akanipiga kofi dogo begani, kisha tukacheka na kulia tumekumbatiana, maji yakitufika magotini, na pwani yote inatuuliza kuna nini.

Nikakaa tena. Wakarudi majini.

Sasa kengele ya misa imelia, nasikia sauti zao zinashuka. Lazima nifunge barua hii, maana macho yangu yana kazi. Nakuahidi, kulia nitalia nikiwa nimekaa. Hata askofu akija, atapokea mkono wangu hivi hivi, na watu waseme binti amerithi kiburi cha baba yake.

Pumzika, Papa. Watoto wanaingia majini, na mimi nimekaa.

Mwanao,
Neema