Barafu kwenye Mkono wa Mrushaji

Elia mjukuu wangu, mume wangu,

Hapa Burnsville hatujambo, ila magoti yananisumbua na hii theluji. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Huko Texas unakula lakini?

Umeniuliza kwa nini baba yako aliacha besiboli. Nilimwachisha mimi. Miaka ile ya tisini nilikuwa nafanya usafi kwenye uwanja wa besiboli. Siku moja nikamwona mrushaji mpira mmoja maarufu, Mlatino, katoka kushinda mechi, mkono mzima umefungwa barafu. Nikajua kaumia, na mwanangu naye anarusha hivyohivyo! Nikarudi nyumbani nikaficha glavu yake.

Baba yako akalia, "Mama, wote wanaweka barafu wakimaliza! Ni kawaida!"

"Kawaida gani ya kumgandisha mtu mkono? Kaa chini!"

Yule Mlatino akarusha miaka na miaka, mpaka akaota mvi, na kila mechi barafu. Baba yako alikuwa akimtazama kwenye TV. Nilipomrudishia glavu, haikumwingia tena.

Nasikia na wewe umeanza kurusha. Naogopa, sikufichi. Lakini ukija Krismasi, barafu nitakufunga mwenyewe.

Ni mimi bibi yako