Kumsimamia Ngatia

Jumapili, 28 Novemba 1965
Majilio yameanza. Padre amevaa zambarau. Amesema wiki hizi nne si za kununulia watoto nguo, ni za kufagia moyo. Nikatafsiri kwa Kikuyu kwa sauti kubwa, kama kawaida. Mimi ndiye katekista, mdomo wa padre hapa Wamagana. Kwa kweli nilikuwa nawaza chakula tu.

Baada ya misa Ngatia akaningoja mlangoni. Yuko katika darasa langu la ubatizo tangu Februari, mwanaume pekee kati ya akina mama na watoto. Atabatizwa asubuhi ya Krismasi.

"Mwalimu, ati kila mtu lazima awe na msimamizi. Mimi nataka wewe."

Mimi! Kati ya wanaume wote wa huku. Nikakubali. Ningesema nini?

Jumatano, 1 Desemba
Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Wachuka, mke wangu, anasoma Kikuyu tu. Wacha niliandike jambo hili mara moja.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Emajensi, Wazungu wakiwasaka wapiganaji wa msituni, askari walinikamata sokoni. Wakanivika gunia lenye matundu mawili ya macho. Gakunia, ndivyo watu walivyomwita mtu wa namna hiyo. Wanaume wa kijiji wakapitishwa mbele yangu, mmoja mmoja. Nikitikisa kichwa, huyo anapandishwa lori. Nikitulia, anaenda nyumbani. Ofisa alitaka watu kumi. Nilikuwa nimefika tisa na mstari ulikuwa unaisha. Akaja Ngatia, kofia mkononi. Sikujua lolote juu yake, baya wala zuri.

Nikatikisa kichwa.

Miaka mitano kizuizini. Alirudi akiburuta mguu. Mama yake alikufa yeye akiwa huko, akazikwa na majirani.

Jumapili, 5 Desemba
Somo la Yohana jangwani. Nimelisoma vizuri, watu wamenisifu.

Mambo haya niliyaungama zamani, mwaka wa hamsini na sita, kwa padre mzee ambaye amesharudi kwao Italia. Akaniondolea. Rozari tatu nikasali, zikaisha. Sasa hii ni nini tena?

Alhamisi, 9 Desemba
Darasa. Tulikuwa tukisali Baba Yetu. Tulipofika pale pa kusamehe, Ngatia akanyamaza. Wengine wakaendelea mpaka mwisho.

"Mwalimu, hapo siwezi," akasema. "Askari nimesamehe, walikuwa askari. Mkubwa wa kambi nimesamehe, alienda kwao. Lakini ule mtu wa gunia! Huyo ni wa hapa hapa. Ananunua chumvi duka moja na mimi. Nikisalimia mtu najiuliza, ni huyu? Sasa nisamehe nani? Gunia?"

Wamama wawili wakacheka kidogo. Nikamwambia asamehe tu, Mungu anamjua.

"Mungu anamjua. Mimi ndiye simjui. Afadhali nisibatizwe, kuliko nibatizwe na uongo mdomoni."

Mimi huyo! Nimesimama mbele yake na chaki mkononi.

Jumapili, 12 Desemba
Sikukuu ya Jamhuri. Chifu amehutubu: tuyasahau ya zamani, tujenge taifa. Nilipiga makofi kuliko wote.

Jioni Kagure, mke wa Ngatia, ameleta kuku mzima na viazi. Shukrani ya kumsimamia bwana yake. Ati tangu nikubali, anakula vizuri na kukohoa kumepungua.

Nimemla yule kuku.

Jumanne, 14 Desemba
Nimemwambia padre. Huyu ni kijana, alikuwa bado mtoto shuleni wakati ule. Akasema kwa Mungu jambo hilo lilikwisha.

"Na kwa Ngatia?"

Akasema hawezi kuniamuru. Lakini mtu mmoja hawezi kumaliza sala yake, na ninajua kwa nini.

Ijumaa, 17 Desemba
Nimeenda Mweiga kwa Nderitu, kaka yake Wachuka. Nilisema nafuata mbegu ya viazi. Uongo. Nilitaka kujua kama kuna kazi kule kwa ng'ombe wa maziwa, tuhame kabla ya Krismasi. Kazi iko. Nderitu alifurahi sana. Alinikatia kipande kikubwa cha nyama.

Yeye alikuwa wa nne katika wale kumi.

Nikarudi bila kumpa jibu.

Jumanne, 21 Desemba
Nimesema!

Nilimkuta shambani anapalilia. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi. Yakapotea.

"Ngatia, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mtu wa gunia."

Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza ule mstari kwanza. Halafu akauliza, "Kwa nini mimi?"

"Walitaka kumi."

"Na nyuma yangu alikuwa nani?"

"Mutahi."

"Mutahi." Akaangalia upande wa kwa Mutahi, kule moshi wa jikoni ulikuwa ukipanda. "Huyo sasa ako na watoto saba."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikata.

"Enda, Mwalimu. Enda sasa hivi. Niko na jembe mkononi."

Jumatano, 22 Desemba
Nimemwambia Wachuka pia, asije akasikia kisimani. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ndugu yangu?"

Nikasema ndiyo.

Ameenda kwao. Uji aliokuwa anapika ameuacha motoni, ukaungua.

Ijumaa, 24 Desemba
Mazoezi ya mwisho ya wabatizwa. Ngatia hakuja. Padre akataka orodha. Jina lake nimeliacha humo humo. Mahali pa msimamizi nimefuta jina langu, pakabaki wazi.

Jumamosi, 25 Desemba, asubuhi
Ngatia yuko nje! Shati jeupe, limepigwa pasi. Kagure yuko nyuma yake, haniangalii.

Nilimwambia nitamtafutia msimamizi mwingine, mtu safi.

"Nilisema wewe."

"Kwani umenisamehe?"

"Bado." Akatazama viatu vyake. "Padre nimemwambia hivyo. Akasema nije hivyo hivyo. Tukifika pale kwa Baba Yetu, nitajaribu. Nikinyamaza, wewe utajua. Na utakuwa umeniwekea mkono begani, mbele ya watu wote. Usiutoe."

Nikasema nachukua koti. Koti nimelivaa kitambo. Nimekaa kitandani, naandika. Kengele ya pili hiyo. Namsikia akikohoa hapo nje, ananiita twende, tunachelewa, na mkono huu unaoandika ndio nitakaomwekea begani. Naweka kalamu chini.